Kipande cha Nne

Swali lililoninyima usingizi siku zile nne lilikuwa dogo, hata sasa naona haya kuliandika. Mtu akikuuliza kama kitabu kinaisha vizuri, ukamjibu ndiyo, na kweli kinaisha vizuri, umesema uongo?

Nililigeuza kila upande. Mwisho wa riwaya ile ulikuwa mzuri, niliusoma mwenyewe. Kulikuwa na harusi, sufuria za pilau zimepangwa uani, na yule mama, mhusika mkuu, akicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nisichokuwa nimekisoma ni kipande kilichotangulia mwisho huo. Katika kipande hicho mtoto wake wa pekee anakufa. Na aliyeniuliza ni dada yangu, ambaye miezi mitatu kabla alikuwa amemzika binti yake wa miaka minne huko Nandagala.

Inabidi nieleze tunavyosoma, maana bila hivyo kosa langu litaonekana la ajabu.

Hapa Nachingwea kitabu cha hadithi ni cha kuagiza. Mwenye duka la stesheneri ninakoshinda siku hizi huagiza nakala moja kutoka Dar, kwa sababu nakala moja ndiyo tunayoimudu kwa kuchangiana. Ikifika, anaikata. Anachukua wembe, anapasua mgongo wa kitabu, anakigawa vipande vitano. Kila kipande anakitoboa kwa msumari, anakishona kwa uzi wa viatu, anakivika karatasi ya kaki na kukiandika namba kwa kalamu nene. Mara ya kwanza kuiona kazi hiyo nilitazama pembeni, kama mtu asiyependa kuona kuku akichinjwa. Lakini kitabu kizima kingekaa kwa mtu mmoja miezi miwili. Kikiwa vipande, kinatembea. Ukimaliza cha kwanza unampa anayekufuata, wewe unapokea cha pili.

Kwenye foleni tulikuwa watano. Wa kwanza mwenye duka, kwa haki ya wembe wake. Wa pili mimi. Wa tatu mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wa nne Msukuma mmoja mfugaji, aliyehamia upande wa Mtua na ng'ombe wake miaka michache iliyopita, ambaye husoma akichunga. Wa tano ndiye dada. Yeye alijiunga mwisho, kupitia kwangu, na kwa kuwa yuko Nandagala, upande wa Ruangwa, maoni yake aliyatuma kwa sauti kwenye simu.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana dukani na kila mmoja anasema anavyokiona kitabu mpaka pale alipofika. Tunaanza kwa maneno yaleyale: "Mimi nimeishia hapa." Kwa kuwa kila mtu yuko mahali pake, tuna sheria moja tu: aliye mbele hamwambii aliye nyuma kinachokuja. Kuvunja sheria hiyo tunakuita kumwaga. Ukimwaga, unawanunulia wote chai na vitumbua, na kitabu kinachofuata unakaa mwisho wa foleni. Mwalimu aliwahi kulipa kwa kuguna tu, mtu alipomsifu mhusika ambaye mbele alikuja kuwa mwizi.

Mimi wananiita Msomi. Nina shahada ya ualimu, somo langu Kiswahili, na mwaka huu ni wa tatu nasubiri ajira. Chuoni nilifundishwa kuhakiki vitabu: fani upande huu, maudhui upande ule, dhamira, ujumbe, taharuki. Sikufichi, vingine nilivihakiki bila kuvisoma, nikapata alama nzuri kuliko waliovisoma. Jambo hilo lilikuwa likinitia hofu kidogo hata wakati ule, lakini alama ni alama.

Wiki niliyopokea kipande cha nne ndiyo wiki majina ya ajira yalipotoka. Nilipitisha kidole kwenye simu kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kisha kuanzia la mwisho hadi la kwanza, kana kwamba langu lingekuwa limejificha upande mmoja tu. Halikuwepo. Ilikuwa mara ya tatu. Mama alisema nisivunjike moyo, akanipikia ugali na kisamvu, na kule kupikiwa chakula nikipendacho kukanifanya nione kwamba kweli nimepatwa na msiba. Kipande cha nne kililala chini ya mto wangu siku saba. Jumamosi nilikitoa, nikampa mwalimu, nikasema nimemaliza.

Kipande cha tano nilikisoma mchana mmoja, kwa aibu. Mtoto hakuonekana humo. Nilijiuliza yuko wapi, nikajijibu: atakuwa kwa bibi yake. Mimi ninayeweza kukaa nusu saa nikiwaza kama salamu niliyompa jirani ilikuwa ya baridi, jambo lile nililiwaza kwa sekunde mbili.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alikuwa akishinda shamba, yeye akinibeba mgongoni huku anasoma gazeti la kufungia nyama, kipande chochote kilichokuwa na maandishi. Aliishia kidato cha pili, akaolewa Nandagala. Binti yake alipofariki kwa homa, nilikwenda nikakaa siku zote za matanga sijui la kumwambia. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Yeye aliitikia. Arobaini ilipopita akawa bado anaitikia tu: ndiyo, hapana, ahsante. Shemeji alinipigia simu akasema nyumba imekuwa kama ina mgonjwa asiyeumwa.

Dukani sikuwaambia amefiwa. Niliposafiri kwenda msibani nilisema nina shughuli ya familia Ruangwa. Niliogopa wangemwonea huruma kabla hawajamsikia. Basi nikawaambia tu nina dada anapenda kusoma, wakamkubali. Nikampelekea kipande cha kwanza.

Alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akauliza, "Kinaishaje?"

"Dada, hatumwagi," nikasema.

"Sikuulizi hadithi. Nakuuliza, kinaisha vizuri? Nimechoka na vitu vinavyoisha vibaya."

Nikamjibu, "Ndiyo, kinaisha vizuri."

Jumamosi iliyofuata simu yangu iliwekwa juu ya mashine ya fotokopi, tukasikiliza maoni yake ya kwanza. Sauti ilianza ndogo, kisha ikapanda. "Mimi nimeishia pale mume anapouza kitanda. Sasa huyu mume, angekuwa wa kwetu, angeshaitwa na wajomba akafundwa upya. Na mkewe naye anasubiri nini, meli?" Mwenye duka aligonga meza kwa kicheko. "Ila huyo mtoto wao, jamani. Anavyohesabu kuku: mmoja, wawili, wengi. Wangu naye..." Hapo kurekodi kukakatika.

Wengine waliona ni mtandao. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka. Tangu mazishi hakuwa amelitamka hilo neno, wangu.

Jioni hiyo shemeji alinipigia. "Amecheka, shemeji yangu. Kwa hicho kitabu. Amekula ugali wote. Usingoje Jumamosi, kingine kikiwa tayari lete."

Ndivyo ilivyoendelea kwa cha pili na cha tatu. Kila sauti yake ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na kila mara alimrudia yule mtoto: kiatu alichokivaa mguu usio wake, maswali aliyowauliza mbuzi. Mwalimu akasema huyo dada yako ndiye anayesoma kitabu, sisi tunakipitia. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, kwamba kuna kitu kimoja nimekifanya kikafaa.

Jumamosi ninayotaka kuieleza, mfugaji alichelewa. Alikuja na kipande cha nne ndani ya mfuko wa rambo, akaketi bila kutania mtu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi nimeishia mwisho wa hiki," akasema. "Nimekimaliza juzi malishoni. Nikabaki nimekaa. Ng'ombe wakaingia kwenye mbaazi za watu."

"Usimwage!" mwenye duka akamkemea.

"Nimemwaga nini? Nasema ng'ombe wameingia kwenye mbaazi. Hiyo si hadithi, hiyo ni kesi. Jumatatu naitwa kwa mtendaji wa kijiji."

"Hao ng'ombe wako unawasomea kwa sauti," mwalimu akasema. "Siku hizi wanajua Kiswahili kuliko wanafunzi niliowaacha."

"Hiki sikuwasomea, mwalimu. Hiki nilikisoma kimyakimya." Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo, wewe ulishamaliza. Pale katikati ya cha nne, mwandishi umeona ametenda haki?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema tusimwage. Badala yake mdomo wangu ulifungua daftari la chuo. "Naona amefanikiwa sana kuijenga taharuki," nikasema, "na ujumbe wa matumaini unajitokeza waziwazi."

Mfugaji alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mwenyeji. "Matumaini?"

"Ndiyo. Kwa ujumla."

"Matumaini gani?"

Mwalimu alishusha miwani mpaka ikaning'inia kifuani kwa kamba yake. "Majibu ya namna hiyo nimeyasahihisha maisha yangu yote," akasema. "Hayo ni ya mtoto aliyesoma swali. Msomi, msomi si msomaji."

Walicheka. Nilicheka nao. Mwenye duka, aliyekuwa amekisoma kabla yetu sote, hakucheka sana. Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Mfugaji akanipa kipande ili nikipeleke Ruangwa. "Mwambie dada yako akae vizuri," akasema, halafu akajishika mdomo. "Sijamwaga."

Nilikisoma mchana uleule, nimeketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, nikiwa na viatu miguuni. Homa inaanza kama utani. Mtoto anahesabu kuku, anakosea, analala. Kurasa mbili na nusu. Sikuamini, nikarudi nyuma nikidhani nimeruka mstari, tabia yangu. Sikuwa nimeruka. Mwandishi hakuandika neno la kufa. Ameandika tu kwamba asubuhi mama alichukua kile kiatu cha mguu usio wake akakiweka juu ya paa la banda, kisichezewe.

Nilikaa pale mpaka mama akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Kuanzia hapo nilianza kuhesabu njia. Mimi nikiogopa huwa nahesabu njia, na kila njia naipita kichwani mpaka mwisho wake, kisha narudi mwanzo.

Njia ya kwanza ilikuwa kusema kipande kimepotea. Lakini mwenye duka angetaka nakala ya kukirudishia, na dada angesubiri, na kusubiri kwake nakujua.

Ya pili ilikuwa wembe. Nikate kurasa mbili na nusu, nishone upya. Jumapili niliununua, nikakifungua kipande, nikausogeza wembe mpaka kwenye uzi. Kisha nikasoma ukurasa unaofuata. Mama wa kitabuni anakwenda kisimani akiwa na ndoo moja badala ya mbili. Uliofuata, mume anarudi nyumbani, anasimama mlangoni na zawadi ya gauni dogo. Kifo kilikuwa kimeingia kila ukurasa mpaka mwisho, kama chumvi kwenye maji. Ningekata kipande chote.

Ya tatu naiandika kwa kujilazimisha. Niliamua kukiandika upya. Jumatatu nzima nilikaa na kalamu nikiandika kurasa ambamo homa inashuka, mtoto anaomba uji, mume anarudi na gauni na linamtosha. Nilidhani nitazichapa dukani kwa herufi zinazofanana. Niliposoma nilichoandika, mtoto wangu hakuwa na maneno. Alikuwa anasema ahsante mama, ahsante baba. Yule wa kitabuni asingesema hivyo hata siku moja, na dada angemjua wa uongo kabla ya mstari wa tatu. Nikazichana, nikaogopa mama ataziokota, nikazichoma jikoni.

Ya nne ilikuwa kumwacha asome. Hii ndiyo iliyokuwa na sauti tamu kuliko zote, kwa sababu hainihitaji kufanya kitu. Nilijitetea vizuri. Vitabu vina vifo. Yeye ni mtu mzima. Labda kingemponya. Nilikuwa na hoja hata nane za kumwacha asome, na nikiwa na hoja nane za jambo moja huwa najua kwamba naogopa.

Jumatatu jioni ikaja sauti yake. Haikuwa ya Jumamosi, alinitumia mimi peke yangu. Nyuma yake nilisikia wanawake wakizungumza, na ile sauti ya ufuta ukikung'utwa, mashina makavu yakigongwa kwa vijiti vyepesi.

"Mdogo wangu, unanichelewesha," alisema. "Tuko kwenye ufuta, na hawa wenzangu nimewasimulia mpaka pale mtoto anapomuuliza mbuzi kama ameolewa. Sasa wamenishika, wanasema kipande kikija niwasomee hapahapa, kwa sauti, wao wanakung'uta. Mimi nimewaambia yule mtoto atakuja kuwa mwalimu. Bi mkubwa wa hapa jirani anasema atakuwa hakimu, kwa yale maswali. Tumewekeana dau la kuku."

Mwanamke mmoja akadakia kwa mbali, "Mwambie huyo msomi asituletee kilichoraruka!" na wote wakacheka, na dada akacheka nao.

Niliisikiliza mara nyingi. Hofu yangu ilikuwa na sura sasa. Dada angekuwa ameketi kwenye turubai, kipande mkononi, wanawake wamemzunguka, akisoma kwa sauti ile iliyorudi. Angefika homa. Asingeweza kunyamaza kwa sababu wanamsikiliza, na asingeweza kuendelea. Mbele ya watu wote. Na mimi ndiye ningekuwa nimempeleka pale, nikiwa nimemshika mkono nikimwambia njia ni salama.

Nikamwandikia: Dada, kuna jambo kuhusu kipande cha nne. Nikafuta. Nikaandika: Usisome mbele ya watu. Nikafuta, maana angeuliza kwa nini. Nikaandika: Samahani. Nikafuta.

Jumanne saa saba mchana shemeji akapiga. "Kesho nakuja huko Nachingwea kufuata magunia. Nitapita kwako nikichukue mwenyewe, usihangaike na nauli. Mke wangu ameniambia nisirudi bila hicho kitu. Unajua juzi kaniamsha alfajiri kunieleza habari za mbuzi? Mbuzi wa kitabuni! Nikamwambia mama, sisi mbuzi hatuna." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akashusha sauti. "Mimi sijui kusoma vitu virefu. Lakini huyo mwandishi Mungu ambariki."

Nikasema, "Sawa, shemeji."

Baada ya kukata simu nilibaki nimeshika ukuta. Nilitamani kurudi kwenye ile wiki ya majina, nikitoe kipande chini ya mto na kukisoma. Ni kurasa arobaini tu. Saa moja na nusu ya maisha yangu, katika wiki ambayo sikuwa na kazi nyingine yoyote duniani. Nilijichukia kwa namna ambayo sijui kama nimewahi kuacha. Majina yale hayakunionea, niliwaza. Mtu kama mimi, akipewa darasa, angewaambia watoto ndiyo kuhusu vitabu asivyovisoma.

Nilikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa peke yake, anamtolea mtu fotokopi ya cheti. Mteja alipotoka nikamwambia yote mfululizo, bila kupumua: sikukisoma, dada amefiwa, nimesema kinaisha vizuri, shemeji anakuja kesho.

Aliizima mashine.

"Ungesema amefiwa," akasema, "kitabu hiki kisingefika kwake. Ningemwagizia kingine."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekata. Najua hata ukurasa. Ningesema."

"Najua. Sasa nifanye nini?"

"Sijui," akasema. "Kweli sijui. Ukimwambia, umemwaga. Usipomwambia..." Akaacha hapo, akaiwasha tena mashine ingawa hakukuwa na cha kutolea kopi.

Nilikuwa nimekuja nikitarajia ataamua kwa niaba yangu. Nilipoona naye hajui, nikaogopa zaidi, na katika kuogopa huko kuna kitu kikakaa sawa. Hakuna mtu mwingine aliyemwambia ndiyo. Ni mimi. Basi neno la kulirekebisha lilikuwa langu, na lilitakiwa lifike kabla ya kipande, kwa mdomo, si kwa simu, kwa sababu kwa simu ningelifuta.

Jumatano nilipanda basi la kwanza kwenda Ruangwa. Kutoka mjini Ruangwa nilichukua bodaboda. Nilimtumia shemeji ujumbe mmoja: Usipite kwangu, nakileta mwenyewe. Nilipofika Nandagala jua lilikuwa bado la asubuhi. Mafungu ya ufuta yalikuwa yameegemezwa wima pembeni mwa uwanja, na wanawake wanne, dada akiwa mmoja wao, walikuwa wakiyapindua juu ya turubai, vichwa chini, na kuyagonga.

"Msomi huyo!" mmoja akapiga kelele. "Kiko wapi?"

"Shikamooni."

"Marahaba, shikamoo yako haisomeki, toa kipande!"

Dada alisimama akijipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Aliuona uso wangu, na wake ukabadilika. Ananijua tangu sina meno.

"Nani kafa?" akauliza.

Swali hilo hakulipanga. Huku kwetu mtu akifika asubuhi bila taarifa, na uso kama ule, ndilo analoulizwa. Nikamshika mkono.

"Hakuna nyumbani aliyekufa. Njoo nikwambie."

Tulikwenda nyuma ya jiko. Wanawake waliendelea kugonga, wakitupigia mluzi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yenye utangulizi na mwili na hitimisho. Yote yalikimbia.

"Dada, yule mtoto anakufa," nikasema. "Kwenye kipande cha nne. Nilikwambia kinaisha vizuri na cha nne sikuwa nimekisoma. Nilikiruka. Nikasoma cha tano nikadhani yuko kwa bibi yake."

Alitazama mfuko niliokuwa nimeushika.

"Ulikiruka," akasema hatimaye.

"Nilikiruka."

"Mimi nisingekiruka." Hakusema kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Anakufa kwa nini?"

"Homa."

"Siku ngapi?"

"Siku mbili. Kwenye kitabu ni kurasa mbili na nusu."

"Nani alimwosha?"

"Hajaandika."

"Hajaandika." Aliinama akaokota punje za ufuta zilizonasa kwenye upindo wa kanga yake, moja moja, akaziweka kiganjani. "Wamemzika wapi?"

"Hajaandika, dada. Ameandika mama aliweka kiatu juu ya paa la banda. Halafu siku inayofuata anakwenda kisimani na ndoo moja."

Hapo akaketi chini. Aliketi kama aliyeangushwa, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, akalia. Sijawahi kumsikia akilia hivyo hata siku ya mazishi, alipokuwa ameshikwa na watu. Uwanjani vijiti vilinyamaza. Mmoja wa wanawake alitokeza kwenye kona, akatutazama, akarudi bila neno, na nikawasikia wakianza tena kugonga, polepole.

Nilidhani nimemuua. Nilikaa kando yake nikiwaza kwamba nimekosea tena, kwamba ya nne ndiyo ingekuwa njia, au ya kwanza, na kwamba sasa atarudi kwenye ndiyo, hapana, ahsante, na shemeji atanilaani kwa haki.

Alipotulia alijipangusa kwa kanga. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Ndoo moja ni kweli," akasema. "Hiyo kaijua. Nyingine unaibeba ya nani? Lakini kuosha kakwepa. Huyo mwandishi naye ameruka kama wewe."

"Labda," nikasema.

"Si labda. Niambie kuhusu vitabu unavyovijua wewe, hili la kumwosha mtoto nalijua mimi." Akanyoosha mkono, nikampa mfuko. Alikitoa kipande, akaipapasa ile karatasi ya kaki na namba yake, kisha akanirudishia. "Wale sitawasomea leo. Nitawaambia kimechelewa. Wewe ndiye utakayenisomea. Hapahapa. Mstari kwa mstari, na ukifika pale usikimbie wala usishushe sauti."

Nikamwambia sijawahi kukisoma kwa sauti, na kwamba nitatetemeka.

"Tetemeka," akasema. "Soma."

Nikakaa chini, nikaegemea ukuta kama yeye, nikakifungua kipande cha nne kwenye mstari wa kwanza, nikaanza.